Paa na Mvua: Historia ya Nyumba Ndogo ya Pwani

Wanaoandika historia ya miji ya pwani ya Afrika Mashariki wamezoea kuanza na kuta. Huuliza kama nyumba ilikuwa ya mawe au ya udongo, na kwa jibu la swali hilo humpima mwenye nyumba: aliyeishi ndani ya mawe huhesabiwa kuwa mwungwana na tajiri, na aliyeishi ndani ya miti na udongo huhesabiwa kuwa mnyonge. Kipimo hicho kina kweli yake, lakini kina upungufu mkubwa. Ukuta huonekana na kila apitaye njiani. Paa hujulikana na wale wanaolala chini yake. Masika yakianza kushuka mwezi wa Machi, mkazi wa nyumba hana faida na sifa ya ukuta wake. Haja yake ni moja tu: kitanda chake kisilowe.

Kwa hiyo historia ya nyumba ndogo yaweza kusomwa kwa kutazama juu. Kila aina ya paa iliyopata kuezekwa katika pwani hii ilikuwa na dawa yake ya kuzuia maji, na kila dawa ilitaka mkono wa mtu fulani. Lililo kubwa katika habari hizi ni kumjua aliyeweza kupanda juu akaziba, na kujua kama alikuwa na haki ya kufanya hivyo na sababu ya kujisumbua. Kitu kilichoezekwa huja nyuma ya hayo. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini methali hiyo husema na mtu ambaye ukuta ni wake. Mtu ambaye ukuta si wake, wala paa si lake, methali haikumpa shauri.

Paa la zamani la nyumba ndogo ni la majani. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliusifu mji kwa uzuri wake, akaeleza kwamba nyumba zake zilikuwa za miti na mapaa yake ya matete, akataja pia kwamba mvua zake ni nyingi. Wachimbuaji wa mambo ya kale wamekwisha kuonyesha kwamba Kilwa ya wakati huo ilikuwa na msikiti mkubwa wa mawe na jumba la kifalme la Husuni Kubwa. Haidhuru, yamkini msafiri yule alieleza kilichokuwa kingi machoni pake, na kilichokuwa kingi kilikuwa nyumba za watu wa kawaida. Habari zake zinafaa kwa sababu zimeweka majani na mvua mahali pamoja. Mji ulionyeshewa sana uliezekwa kwa majani, na watu wake waliishi.

Siri ya paa la namna hiyo imo katika mpango wake. Katika nyumba ya makuti, fundi hulaza mtambaapanya juu ya ukuta, kisha huegemeza makombamoyo yakutane katika mwamba ulio kileleni. Juu ya makombamoyo hufungwa fito na pau kwa kamba za usumba. Makuti yenyewe ni ya viungo, maana majani ya mnazi hukunjwa juu ya kijiti kirefu na kushonwa moja baada ya jingine mpaka yafanye ubao mmoja. Kazi ya kuezeka huanza chini, penye mchirizi, ikapanda kwenda kileleni, ili kila kuti la juu lilale juu ya mgongo wa kuti la chini. Hapana hata kuti moja katika paa hilo lisilopenya maji likiwa peke yake. Lakini kila kuti hupokea tone na kulikabidhi kwa jirani yake wa chini kabla halijapata nafasi ya kupenya, na mteremko ukiwa mkali wa kutosha maji hufika mchirizini kabla hayajafika ndani. Paa likilala sana, huvuja hata likiwa jipya; paa likisimama vema, hustahimili hata likianza kuchakaa.

Matengenezo ya paa hilo yalikuwa ndani ya uwezo wa mwenyeji. Aliyeona nuru ya jua ikipenya mahali alijua kwamba mvua nayo itapita papo hapo. Alichukua kuti jipya, akainua lile la juu, akalichomeka mahali pa lile lililooza, akalifunga. Hakuwa na haja ya kuezua paa zima. Wanawake walishona makuti barazani au uani. Wanaume walipanda juu. Watoto walipokeza kutoka chini. Palipokuwa na nyumba nzima ya kuezeka, majirani walialikwa, na mwenye nyumba alidaiwa chakula cha siku hiyo, na deni la kwenda kwa mwenziwe siku ya zamu yake. Kwa njia hiyo paa lilikuwa mali ya mtu mmoja, lakini ukavu wake ulikuwa kazi ya mtaa.

Isidhaniwe kwamba hali hiyo ilikuwa pepo. Makuti huoza, huingia mchwa na panya, na baada ya miaka michache hutaka kuondolewa yote. Tena adui yake mkubwa kuliko mvua ni moto. Wareno chini ya Francisco de Almeida walipoushambulia mji wa Mombasa mwezi wa Agosti 1505, moto walioutia ulienea upesi kwa sababu vibanda vya makuti vilikuwa vimeegemezwa kwenye nyumba za mawe, na mapaa ya wanyonge yakawa njia ya kuunguza kuta za matajiri. Adui wa pili ni upepo. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani kubwa iliipiga Unguja, ikabomoa nyumba, ikazamisha vyombo na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi. Wanahistoria huukumbuka msiba huo kwa sababu ya karafuu, ambazo zilikuwa fedha za nchi. Kwa mwenye nyumba ndogo msiba ulikuwa wa namna nyingine: upepo uliochukua paa lake ulikuwa umeangusha pia mnazi ambao ungempa makuti ya paa la pili. Aliyezoea kujitegemea alijikuta hana cha kutegemea.

Sambamba na paa la makuti lilikuwako paa la mawe, liitwalo sakafu. Hili lilikuwa paa bapa la nyumba za wakubwa wa Kilwa, Lamu, Mombasa na Unguja. Boriti za mikoko zililazwa kutoka ukuta hadi ukuta, na kwa kuwa boriti haziwezi kuchukua uzito huo kwa urefu mkubwa, vyumba vyenyewe vilikuwa vyembamba, karibu mita 3 hivi au pungufu. Juu ya boriti zilipangwa bamba za mawe ya matumbawe, na juu ya bamba hizo ulimwagwa mchanganyiko wa chokaa na kokoto, unene wake shibri moja na zaidi. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya lundo la magogo. Mchanganyiko ukiwa bado mbichi, kundi la watu lilipanda juu na vipande vya mti, wakaupigilia siku baada ya siku kwa mdundo mmoja na kwa nyimbo, mpaka ukaganda na kuwa mgumu. Kupigilia huko ndiko kulikozuia maji. Sakafu iliyopigiliwa haraka huacha matundu madogo ndani yake. Sakafu iliyopigiliwa kwa siku nyingi hubana kama jiwe moja.

Lakini jiwe hilo nalo lilitaka kutunzwa. Paa bapa halina haraka ya kuondoa maji, kwa hiyo lilipewa mwinamo mdogo kuelekea kwenye milizamu iliyotokeza nje ya ukuta, na katika nyumba nyingine maji yaliongozwa mpaka kwenye birika. Jani moja likiziba mlizamu, juu hugeuka ziwa. Jua nalo hupanua sakafu mchana na usiku huirudisha, mpaka nyufa nyembamba kama unywele zikatokea. Dawa yake ilikuwa kupaka chokaa tena na tena kabla ya masika, ili maji ya chokaa yaingie katika nyufa na kuziba. Aliyesahau mwaka mmoja hakuona dhara. Aliyesahau miaka kumi aliona boriti zake zimeoza ncha zilizozikwa ukutani, mahali ambapo jicho halifiki. Haba na haba hujaza kibaba, na tone kwa tone hujaza ukuta.

Hapa ndipo tofauti ya mapaa haya mawili inapodhihirika. Paa la makuti lilitengenezwa na aliyelala chini yake. Sakafu, katika karne ya 19, kwa sehemu kubwa ilipigiliwa na watu ambao wao wenyewe hawakulala chini ya paa la namna hiyo. Wengi wao walikuwa watumwa, na wengine walikuwa watumwa waliokodishwa kwa kazi za siku, wakaitwa vibarua, na ujira wao ukagawanywa na bwana. Nyimbo zilizosifiwa na wageni waliopita mjini zilikuwa nyimbo za kazi iliyolipwa kidogo au isiyolipwa kabisa. Hali ya kisheria ya utumwa iliondolewa Unguja mwaka 1897, katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Baada ya hapo, kukusanya mikono mingi ya kupigilia kwa siku nyingi kulihitaji fedha nyingi. Yamkini hii ni sababu mojawapo, pamoja na kuchoka kwa kuvujiwa, iliyofanya nyumba nyingi za mawe za Mji Mkongwe wa Unguja zivikwe mapaa ya mabati juu ya sakafu zao, hata leo atazamaye mji huo kutoka juu huona bati kuliko chokaa. Lamu, wengine waliweka makuti juu ya nyumba za mawe, wakamwendea mnyonge kuazima kofia yake.

Waliotoka utumwani nao walihitaji paa. Wengi walikwenda ng'ambo ya pili ya mkono wa bahari uliotenga mji wa mawe, wakajenga nyumba za miti, udongo na makuti katika mtaa ulioitwa Ng'ambo kwa sababu hiyo. Huko kulikuwa na desturi ambayo mgeni aliishangaa: nyumba ilikuwa ya aliyeijenga, lakini kiwanja kilikuwa cha mwingine. Mwenye nyumba aliweza kuiuza, kuirithisha na kuitengeneza, huku akilipa kodi ya ardhi kwa mwenye kiwanja. Kodi hizo zilipozidi kupandishwa katika miaka ya 1920, wakazi wa Ng'ambo waligoma mwaka 1928, wakakataa kulipa, na mwisho serikali ilitunga sheria ya kuzuia kodi ya ardhi isipandishwe ovyo. Mgomo huo kwa kawaida huelezwa kama habari ya ardhi, na ndivyo ulivyokuwa. Lakini chini ya ardhi hiyo kulikuwa na hoja ya paa. Mtu anayeweza kufukuzwa kiwanjani mwezi ujao hana akili ya kutia paa linaloweza kudumu miaka thelathini. Ataezeka kwa kitu rahisi, na kitu rahisi huvuja. Basi unyonge wa makuti ambao watawala waliulaumu kwa jina la afya na usalama ulikuwa, kwa sehemu, matunda ya kodi na hofu.

Wakati huohuo ngozi mpya ilikuwa imeshaanza kuufunika mji. Bati la migongo lilibuniwa London mwaka 1829 na mhandisi Henry Robinson Palmer, aliyetambua kwamba bamba jembamba la chuma likikunjwa kwa mawimbi hupata nguvu ya kujibeba. Mwaka 1837 Stanislas Sorel wa Ufaransa alipata hati ya ubunifu wa kupaka chuma zinki ili kisiote kutu. Mambo hayo mawili yalipounganishwa, dunia ilipata paa jepesi linalosafirishwa kwa meli, na kabla ya mwisho wa karne hiyo lilikuwa limefika katika pwani hii. Lakini bati lilikuwa ghali, na mwenye nyumba ndogo alilifikia kwa njia ya mlango wa nyuma. Mlango huo ulikuwa debe.

Mafuta ya taa na petroli yaliletwa ndani ya madebe ya galoni 4. Yakiisha mafuta, debe lilikuwa na maisha ya pili ya kuteka maji na kupimia nafaka, na maisha ya tatu juu ya paa. Lilikatwa, likanyoshwa kwa nyundo, na vipande vikaunganishwa ukingo kwa ukingo kwa kukunjwa, kisha mikunjo ikapakwa lami. Katika mitaa ya Waafrika ya Dar es Salaam, na vilevile Pumwani, Nairobi, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, nyumba nyingi ziliezekwa kwa madebe. Wageni waliona takataka. Aliyeziezeka aliona paa lisiloshika moto upesi, lisilooza, na ambalo yeye mwenyewe aliweza kulitengeneza kwa nyundo, mkasi wa bati na kopo la lami. Ujuzi wa makuti haukupotea katika kazi hiyo, ulihama. Kipande cha juu kililala juu ya kipande cha chini, kama kuti juu ya kuti.

Alipofaulu kununua bati lenyewe, mwenye nyumba alijifunza sheria zake moja baada ya moja, na mara nyingi mwalimu wake alikuwa mvujo. Alijifunza kwamba msumari hupigwa juu ya mgongo wa bati, wala haupigwi bondeni, kwa sababu maji hupita bondeni. Alijifunza kuvisha shingo ya msumari kipande cha mpira wa gurudumu kuukuu, ili tundu lizibwe na kile kilichokuja kulitoboa. Alijifunza kuanza kuezeka upande unaoelekea upepo uendako: masika huja na kusi, na kusi hutoka kusini, basi bati la kwanza huwekwa kaskazini, ili kila bati linalofuata lilalie la kabla yake na upepo usipate mdomo wa kuingilia. Alijifunza kwamba hewa ya bahari ina chumvi inayokula bati. Tundu la kutu huzibwa kwa kitambaa kilichochovywa katika lami ya moto, lakini kwanza kutu hukwanguliwa hadi chuma kionekane; ama sivyo lami hushikamana na kutu, na kutu ikibanduka hubanduka pamoja na dawa. Elimu hii haikuandikwa katika vitabu vya shule. Ilipita kutoka kwa fundi hadi kwa kibarua wake, na kutoka kwa baba hadi kwa mwana aliyeshika ngazi.

Sheria za serikali ziliyatazama mapaa haya kwa jicho lake. Mwaka 1914 watawala wa Kijerumani walitoa amri ya ujenzi iliyougawa mji wa Dar es Salaam katika sehemu 3 kwa aina ya nyumba, na Waingereza waliowafuata waliendeleza mgawanyo huo. Sehemu ya kwanza ilikuwa ya nyumba za namna ya Kizungu; sehemu ya tatu ilikuwa ya Waafrika, ambako kujenga kwa miti, udongo na makuti kuliruhusiwa. Kwa njia hiyo paa likawa mpaka. Mtu hakuandikiwa rangi yake katika amri ya ujenzi. Aliandikiwa aina ya jengo, na jengo likamtaja rangi.

Katika sehemu hiyo ya tatu ilistawi nyumba ambayo imekuwa maarufu kwa jina la nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, ua nyuma. Mwenyewe alikaa katika chumba kimoja au viwili, akapangisha vilivyobaki. Baadhi ya wenye nyumba hizi walikuwa wanawake waliojipatia riziki na heshima kwa kodi za vyumba. Mpango huu ulikuwa na faida ambayo haikukusudiwa na mtu: tone lililomwangukia mpangaji lilisikika na mwenye nyumba usiku uleule, maana paa lilikuwa moja. Ukuta wa ndani mara nyingi haukufika juu, na mlio wa maji ndani ya sufuria haukuhitaji mjumbe. Mwenye nyumba alipohama na kuacha mkusanyaji wa kodi, mlio huo ulikosa msikilizaji. Mpangaji hakuwa na haki ya kupanda juu, na hata kama angeruhusiwa, kila shilingi aliyoitumia ilikuwa zawadi kwa mwingine. Aliweka sufuria, akasogeza kitanda.

Mfano mkubwa wa jambo hili ulitokea Unguja baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Majumba mengi ya Mji Mkongwe yalitaifishwa, na familia nyingi zilizokuwa zimezuiliwa kwa umaskini na ukoo zikapewa nafasi ya kuishi ndani ya mawe. Haki iliyokuwamo katika tendo hilo haiwezi kupuuzwa na mwanahistoria mwaminifu, hasa akikumbuka ni nani waliopigilia sakafu zile. Lakini paa halikuuliza juu ya haki. Jumba lililojengwa kwa ajili ya ukoo mmoja lilikaliwa na familia nyingi. Kodi ilikuwa ndogo. Na wa ghorofa ya chini hakuona sababu ya kulipia sakafu ya ghorofa ya juu, wala wa juu hakuona sababu ya kutengeneza mali ya serikali. Milizamu iliziba. Boriti zilianza kuoza ncha zake kwa siri, kama zilivyokuwa zikioza zamani katika nyumba za mabwana wavivu. Mwaka 1985 iliundwa mamlaka maalumu ya kuhifadhi mji huo, na mwaka 2000 ukaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Hata hivyo, majengo yameendelea kuanguka. Beit al-Ajaib yenyewe, jumba lililojengwa mwaka 1883 katika enzi ya Sultani Barghash, lilianguka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya ukarabati ikiwa inaendelea, na watu wakapoteza maisha.

Wahifadhi wamegundua pia kwamba baadhi ya maradhi hayo yaliletwa na waganga. Watu waliotaka kuzuia maji kwa nia njema waliipaka sakafu ya chokaa saruji, wakidhani kwamba kilicho kigumu zaidi ni bora zaidi. Chokaa hunywa unyevu kidogo na kuurudisha kwa jua. Pia hustahimili mtikisiko mdogo wa boriti. Saruji haistahimili. Hupasuka, huingiza maji kwa ufa, kisha huyafungia ndani yasiweze kutoka. Paa linaonekana kavu juu huku linaoza chini. Aliyeishi zamani na sakafu yake alijua kwamba dawa yake ni ile ile iliyoijenga.

Mwaka 1977, katika taarifa yake ya kutimiza miaka 10 ya Azimio la Arusha, Mwalimu Julius Nyerere aliwalaumu wananchi wake kwa mapenzi yao ya saruji na mabati. Aliona kwamba mtu anayengoja bati na saruji, ilhali anao udongo wa kuchoma matofali na vigae, ana ugonjwa wa fikra. Lawama hiyo ilitoka kwa mtu aliyewatakia watu wake nyumba bora kwa nguvu zao wenyewe, na haifai kutupwa. Anayengoja bati huloweshwa na mvua anapongoja. Tena nchi inayonunua paa lake nje huwa mateka wa bei za nje.

Lakini historia ya paa inampa mwananchi jibu la heshima. Vigae hutaka tanuri, kuni nyingi na mbao zenye nguvu za kuvibeba. Makuti hutaka mnazi na majirani wenye nafasi ya siku nzima. Na katika mji ambao majirani huenda kazini asubuhi na kurudi jioni, mkono wa kualika haupatikani tena. Bati moja lililonunuliwa mwezi huu laweza kungoja ukutani bati la mwezi ujao. Laweza kung'olewa na kuhamishwa mwenye kiwanja akimfukuza mwenye nyumba. Maji yake huteremka safi ndani ya pipa, na mwanamke aliyekuwa akienda kisimani mara nne huenda mara mbili. Kwa mtu asiye na uhakika wa ardhi yake, bati lilikuwa akiba inayobebeka. Kulipenda kwake kulikuwa hesabu, na hesabu hiyo ilifanywa na watu waliokuwa wamekwisha kufukuzwa, kutozwa na kuhamishwa mara nyingi.

Gharama ya hesabu hiyo ilikuwako pia, nayo ni upweke. Kuti lilihitaji mtaa. Bati humhitaji mtu mmoja na kopo lake la lami. Mwezi wa Februari, jua likiwa kali bado, watu wa mitaa ya Dar es Salaam, Tanga na Mombasa huonekana juu ya mapaa yao, mmoja mmoja, wamechuchumaa juu ya misumari ili bati lisibonyee, wakitafuta matundu. Mwenziwe yuko chini ndani ya giza la chumba, akitazama juu, akielekeza kwa sauti: kulia kidogo, hapo, hapo hasa. Yeye anaona nuru ambayo aliye juu haioni. Njia hiyo ya kutafuta tundu ni ile ile iliyotumika chini ya makuti, na hapana kifaa kilichoizidi kwa wepesi. Inataka watu wawili tu, mmoja juu na mmoja chini, na wote wawili wawe na haja ya kulala pakavu katika nyumba hiyo.